Mchezaji Asiye na Kiti

Siku hiyo kipindi cha klabu kilipoanza, ndani ya mchezo kulikuwa na mtu mmoja zaidi ya waliokuwemo chumbani.

Aliyemwona kwanza alikuwa Sindano, msichana wa kidato cha tatu aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wa mwili na ukali wa ulimi.

"Ticha," aliuliza, "yule aliyesimama pale kisimani ni wa nani?"

Ticha aliinua macho. Ndiye mwalimu wa kompyuta, na klabu ile aliianzisha mwenyewe, enzi hizo akiwa bado mtu wa kucheka. Masomo yakiisha, wanafunzi hujazana chumba cha kompyuta, kila mmoja akaingia kwenye mchezo wa mtandaoni na mhusika wake: huyu mpiga upinde, yule tabibu, yule fundi wa mapanga. Huunda kikosi kimoja, wakapita misitu na mapango, wakigombana nani kaiba mshale wa nani. Hata wasiofungua mdomo darasani, humo ndani walitoa amri na wakasikilizwa. Mkuu wa kikosi alikuwa Ticha. Hakuna aliyeingia mpaka yeye abofye "Kubali".

Lakini tangu amzike mumewe, Ticha alikuwa anabofya tu. Alifundisha, alisahihisha, alikula alichowekewa. Watu walimpa pole hadi zikawaishia, naye akaitikia "nimeshapoa" kwa sauti ileile ya kuita mahudhurio. Ombi la mgeni lilikuja halina jina, akalikubali kama mtu anavyofukuza nzi.

"Atakuwa wa shule nyingine," alisema.

"Hasogei, Ticha."

"Mwache, atajisogeza mwenyewe."

Wahusika wote wa mchezo ule, hata wakisimama, mabega yao hupanda na kushuka kama wanaopumua. Yule wa kisimani mabega yake yalikuwa yametulia tuli. Ticha aliliona hilo, na halikumsumbua.

Kikosi kilipokwenda pangoni, alikutwa mlangoni mwa pango. Kilipovuka mto, alikuwa ng'ambo anasubiri. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Fundi umeme aliitwa, akapekua waya zote, akaondoka akisema pua za walimu zina kazi nyingi. Harufu ilibaki.

Halafu kukaanza mlio. Kwenye kona kulikuwa na kompyuta mbovu, haina hata waya, na vibonye vyake vikaanza kubonyezwa, tap, tap, taratibu, kama mtu anayejifunza herufi. Kila mlio ulipokoma, maandishi yalitokea kwenye skrini za wote: *Kiti changu kiko wapi?*

Wengine walicheka. Kicheko hakikufika mbali.

"Ticha, mtoe," Sindano alinong'ona.

Ticha alibofya "Ondoa". Mgeni alitoweka, akarudi. Alibofya tena, na safari hii alirudi akiwa amesimama nyuma ya mhusika wa Sindano, karibu sana, na vibonye vya kona vikaongeza kasi vikawa kama mvua juu ya bati, na Ticha, ambaye mapigo ya moyo wake hayakubadilika hata kidogo, aliinuka akaenda ukutani akazima umeme wa chumba kizima, skrini zikawa nyeusi, na katika weusi ule, kwa mwanga wa jua uliopita madirishani, kila mwanafunzi aliona kivuli chake kimekaa peke yake, isipokuwa Sindano, ambaye nyuma ya kiti chake kulikuwa na mtu mrefu anayeinama polepole, kama mzazi anayetaka kusoma mwanawe ameandika nini.

Wanafunzi walitoka mbio, wakaangusha viti. Sindano peke yake hakuinuka. Ticha alimwita, akamshika bega, na mkono wake ukahisi kitu ambacho jicho lilikuwa limekiona kabla: bega lile halikupanda wala kushuka.

Walimpeleka kwao. Hospitali walisema amechoka, apumzike. Alikaa kitandani ameelekea ukutani, vidole vikigonga magoti, na kila aliyeingia aliulizwa kwa sauti nzito isiyo yake, "Kiti changu kiko wapi?" Mama yake aliacha kulala. Mwishowe akamwita shangazi wa mtoto, mkunga mstaafu ambaye watu wenye majini walimfuata toka mbali. Shangazi alimtazama msichana, akamgeukia Ticha, aliyekuja kumjulia hali.

"Nani alimfungulia?"

"Mimi."

"Ulimkaribisha kwa nia gani?"

"Sikuwa na nia yoyote, shangazi. Nilibofya tu."

"Wasio na nia ndio hao wanaotafutwa." Shangazi alishusha sauti. "Basi utamtoa wewe. Mwambie atoke. Atauliza aende wapi. Mtajie mahali pasipo na mtu. Umenisikia? Pasipo na mtu kabisa."

Ticha aliitikia kwa kichwa. Adhuhuri ile, mapazia yamefungwa, mama ameshika miguu ya mwanawe na shangazi anasoma maneno yake chini kwa chini, Ticha aliketi ukingoni mwa kitanda. Harufu ya nywele ilijaa hadi mama akakohoa.

"Toka," alisema Ticha.

"Huku kuna joto," ilijibu sauti.

"Toka kwa mtoto."

Vidole viliacha kugonga. Kichwa cha Sindano kiligeuka. "Niende wapi?"

Ticha alitafuta kwa uaminifu, kama alivyoagizwa. Alifikiria jangwa, akafikiria visima vikavu, lakini mahali pasipo na mtu palipomjia wazi, na kila pembe yake, palikuwa mahali pamoja tu.

"Nyumbani kwangu," alisema. "Hakuna mtu."

Shangazi alikatiza kisomo. Alimshika mkono kwa nguvu. "Mwanangu, umesema nini?"

Sindano alivuta pumzi ndefu, mabega yakapanda, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Mama alimkumbatia akalia. Kwa furaha ile hakumwona Ticha akiaga.

"Ukishamkaribisha mara mbili, mimi simwezi," shangazi alimwambia mlangoni. "Kalale kwa ndugu zako."

"Nitaona," alijibu Ticha.

Sindano alirudi shuleni, ulimi wake ukawa mkali kuliko mwanzo. Watu walimsifu mwalimu.

Jumamosi mchana Ticha alijilaza chumbani, amegeukia dirishani. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza. Mlango wa chumba ulisukumwa taratibu. Nyuma yake godoro lilididimia, kama mtu mzito ameketi, kisha akajinyoosha. Hakusikia mtu akipumua.

Ticha hakugeuka. Alisogea kidogo upande wa dirisha, akampa nafasi.