Jina Lililokatwa kwa Wino

Korido ya ofisi ya jimbo, pale Kisangani, ilifurika watu asubuhi ile ya Juni 1964. Nyota alipenya katikati yao, kikwembe chake cha njano kimefungwa sawasawa kiunoni. Karani mrefu aliyekuwa akiita majina akamwambia hati za baba yake aziache mezani.

"Si za papa," Nyota akajibu. "Mtihani ni wa mimi."

Karani huyo, Wenceslas, kijana wa wavuvi wa Isangi, alibaki mdomo wazi. Hakuwa amewahi kuona mwanamke akiomba leseni ya serikali ya kuuza bima. Lakini Nyota alikuwa na sababu: moto ulikuwa umekula duka la vitambaa la baba yake, Papa Asumani, nalo halikuwa na bima. Hakuna aliyewahi kuwaeleza wafanyabiashara wa sokoni jambo hilo kwa lugha yao.

Basi kila jioni Wenceslas akawa akimfundisha Kifaransa kigumu cha mikataba. Alimtania kwamba hata chafya yake ni ya Kiswahili. Naye akamtania kwa shati lililopigwa pasi kama la bwana harusi. Mwezi haukuisha, wakawa wanaitana mupenzi.

Matokeo yalibandikwa Jumatatu, tarehe tatu Agosti. Walifaulu sita. Jina la Nyota lilikuwa la pili, na juu yake umepita mstari mzito wa wino. Alilisoma mara tatu. Lambert, bawabu, akamnong'oneza kuwa aliyelikata ni Wenceslas mwenyewe.

Alimkuta mezani, wakubwa wamemzunguka. Wenceslas hakumtazama usoni.

"Rudi kwenu," alisema. "Usiambie mutu ulifanya mtihani."

Nyota alitoka nje. Kumbe alikuwa akimcheka muda wote.

Kesho yake waasi wakaingia mjini. Waliwasaka wenye karatasi za serikali, na ile orodha wakaibandua mlangoni. Wale watano walichukuliwa, wawili hawakurudi. Wenceslas, aliyeitia sahihi, alichukuliwa pia. Lambert alipoleta habari hizo, Nyota alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukamponyoka.

Mwisho wa Novemba, mji uliporudi mikononi mwa serikali, Nyota alimkuta Wenceslas hospitalini, amekonda, mkono mmoja umefungwa bandeji.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilisikia kwa redio vile waasi wanafanya watu ya liste, wenye majina kwa orodha ya serikali. Wakubwa walisema lazima ibandikwe. Nilipata nafasi ya kukata jina moja tu."

Alisema hivyo akitazama ukuta. Nyota akalia, kisha hasira ikampanda.

"Ungeniuliza. Miezi mine nilikuchukia."

"Bon. Leo nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Nyota aliyaacha maneno ya miezi minne aliyokuja nayo. Mtihani angeurudia mwaka uliofuata na kufaulu, ila saa ile hakuuwaza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono mzima, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamkumbuka Papa Asumani, na padri wa Isangi, na kelele zitakazopigwa nyumba zote mbili, ya Waislamu na ya Wakatoliki, akajikuta anacheka huku machozi yakimtiririka.