Aliyekaa Kiti cha Mwalimu

Pedali ya breki ya upande wa mwalimu ilishuka yenyewe, taratibu, mpaka chini, ikatulia hapo kidogo, halafu ikapanda. Mwalimu Breki aliiona kwa macho yake mawili, mchana kweupe, kikombe cha chai mkononi. Kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu.

"Fundi hajaikaza vizuri hiyo springi," akamwambia binti yake.

Binti hakugeuka. Alikuwa ameshika usukani wa mashine ya gemu, macho kwenye skrini, anakata kona kwa mwendo ambao barabarani ungempeleka makaburini bila kupitia hospitali.

"Sio springi, baba. Kona hii inataka breki mapema."

Breki akacheka, akamalizia chai yake, akatoka kwenda kwa wanafunzi. Angejua, chai hiyo ingemkaba.

Huyo Breki ndiye aliyekuwa mwalimu wa udereva, na sio mwalimu wa kubahatisha. Mji mzima ule, kuanzia wauza mchanga mpaka waheshimiwa, hakuna aliyeshika usukani bila kupita kwake, na anayebisha aende akaulize. Jina lake la nyumbani lilishasahaulika. Aliitwa Breki kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Gari la chuo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu aliyekaa pembeni yake, na mguu ule ulikuwa umezuia misiba mingi kuliko madaktari wote wa hospitali kuu. Wachimba makaburi wakikutana naye njiani walikuwa wanamnunia.

Sasa, siku chache kabla ya chai ile, mwenye chuo alikuwa ameleta mashine. Kiti kimoja, usukani, pedali tatu na skrini pana kama mlango. Gemu la magari ya mashindano, lakini mwenye chuo alisema linafundisha, halili mafuta wala haligongi mbuzi wa watu. Breki akaiangalia kama mtu anayeangalia kuku wa plastiki.

"Hebu nipisheni niwaonyeshe," akasema, wanafunzi wote wamesimama.

Kona ya kwanza tu, ukutani. Akarudia. Ukutani. Mara ya tatu hata hakufika kwenye kona, ukuta wenyewe ulikuja kumpokea. Wanafunzi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Mnacheka nini? Hili sio gari hili. Gari linaendeshwa na makalio. Barabara inakwambia kupitia kwenye kiti, hapa kuna mchanga, hapa pamelowa, hapa tairi ya nyuma imechoka. Hii inakwambia nini? Macho matupu. Utaendeshaje kwa macho, kama unaangalia harusi ya jirani?"

"Lakini baba," binti yake akamjibu, naye ulimi alirithi hapo hapo nyumbani, "humo ndani mimi nimeshakufa mara mia na bado nimekuja kukupikia. Kwenye gari lako ningekufa mara moja tu, na somo lingeishia hapo."

Binti alikuwa na haraka yake. Hospitali kuu ilikuwa inatafuta dereva wa gari la wagonjwa, na walishamwambia akileta leseni kazi ni yake. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Breki alishatangaza habari hiyo mpaka kwa watu ambao hawakuwa wamesalimiana naye.

Basi, ile aibu ya ukutani ikamkera Breki usiku kucha. Asubuhi akaja na hoja mpya, kwamba mashine haina ubaya, imekosa mwalimu tu. Akaenda kwenye magari mabovu, akang'oa kiti cha abiria kwenye gari lililokunjamana kama karatasi la sambusa, akampelekea fundi wa kuchomelea. Fundi akakichomelea pembeni ya kiti cha mashine, akaweka pedali ya pili na waya wake mpaka kwenye breki ya kwanza.

"Sasa imekuwa gari la chuo," Breki akasema, akajipigapiga kifua.

Akakaa pale siku moja. Siku ya pili wanafunzi wakawa wengi, akamwacha binti ajifunze peke yake.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile hata mlinzi wa chuo asingelifanya. Mwanafunzi akiwa kwenye usukani, kiti cha mwalimu hakiachwi kitupu. Hata mwalimu akibanwa na mkojo, kwanza injini inazimwa, funguo inaingia mfukoni, ndiyo anashuka. Breki ndiye aliyewafokea walimu wenzake miaka yote kwa sheria hiyo. Lakini akajiambia hii ni toyi tu, haina hata matairi.

Haina matairi, lakini chumba kikaanza kunuka mpira ulioungua. Asubuhi kidogo, mchana zaidi, mpaka mama yake binti alipoleta chakula akauliza nani anachoma matairi humu ndani. Kiti kile nacho kikawa na bonde katikati, bonde la mtu mzito aliyekaa muda mrefu. Breki akapitisha mkono. Kulikuwa na joto.

Siku iliyofuata akamsikia binti anaongea mle ndani, taratibu, kama mtu anayeitikia maelekezo. "Ndiyo. Ndiyo. Nimeelewa."

Breki akasukuma mlango. "Unaongea na nani?"

"Na mwalimu."

"Mwalimu si mimi hapa mlangoni?"

Binti akageuka, akamtazama kwa upole, ule upole wa kumsemesha mgeni. "Wewe ni baba," akasema, akarudi kwenye skrini.

Breki akaamua kumtoa kwenye mashine kabisa, ampeleke barabarani, apate upepo. Wakachukua gari la chuo, wakaenda ile barabara iliyonyooka ya maghala. Na hapo, kusema kweli, alitaka kulia kwa furaha. Binti alikuwa anaendesha kama amezaliwa ndani ya gari. Gia zinaingia kama kisu kwenye siagi, macho mbali, mabega yametulia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuendesha hivyo, na alishafundisha nusu ya dunia.

Mwisho wa barabara ile kulikuwa na ukuta wa ghala.

"Anza kupunguza," akasema.

"Bado."

"Mwanangu, punguza."

"Mwalimu amesema tusiogope. Tukigonga tunaanza upya."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na mguu wake ukazidi kuzama kwenye mafuta, na Breki akainua ule mguu wake uliozuia misiba ya mji mzima akaushusha kwenye pedali yake kwa nguvu zote alizopewa na mama yake, na pedali haikwenda, haikwenda hata kidogo, kwa sababu chini yake kulikuwa na kitu kinachosukuma kurudi juu, wayo wa mtu, umekutana na wayo wake katikati, na baridi yake ilikuwa inapita kwenye chuma na kwenye soli ya kiatu na kwenye soksi mpaka akavisikia vidole kimoja kimoja vikijipanga sawasawa na vya kwake, huku ukuta unakua kwenye kioo, unaonyesha matofali, unaonyesha nyufa za matofali, mpaka mkono wake wenyewe, bila kuulizwa, ukavuta breki ya mkono.

Gari likazunguka, likasimama, bampa limeubusu ukuta.

Breki alikuwa anahema kama amebeba gari lenyewe mgongoni. Akamtazama binti. Binti hakulia wala hakutetemeka. Alikuwa ametulia, mikono kwenye usukani, anaangalia mbele, anasubiri.

"Baba," akanong'ona, "mbona hairudi mwanzo?"

Jioni hiyo hiyo Breki alikwenda kwa mama mmoja mshonaji, ambaye watu wenye matatizo ya aina hiyo walikuwa wanamfuata na vitambaa ili majirani wadhani wanashonesha. Kesho yake mchana mama huyo alikuja chuoni, tepu ya kupimia ingali shingoni, wanafunzi wote wamerudishwa nyumbani. Binti alikuwa kwenye benchi la nje, mama yake amemshika mikono, na miguu yake chini ya benchi inakanyaga, inaachia, inakanyaga.

Mshonaji akaingia kwenye chumba cha mashine. Akausogeza mkono juu ya kile kiti bila kukigusa, akaurudisha haraka.

"Yupo," akasema kwa sauti ya chini. "Amekaa."

"Nikikivunja kiti?" Breki naye akanong'ona.

"Atahamia kabisa kwenye gari lako, si lina kiti kama hiki? Kaka yangu, wenzako huwa wanahangaika mapangoni kuwaita majini hawa. Wewe umemchomelea kiti, ukamwekea pedali, ukamkabidhi mwanafunzi, ukaondoka. Umemwajiri."

"Nimfukuze kazi basi."

"Usilete utani hapa. Mwalimu anaondoka kwa mwanafunzi namna mbili. Mwanafunzi amalize masomo, au mwalimu apewe mwanafunzi mwingine. Na kumaliza kwa huyu ni ule ukuta mliouona jana. Mwanao akishika usukani wowote, hata wa baiskeli, atamalizia huko."

Breki akatazama nje kupitia dirishani. Ile miguu chini ya benchi ilikuwa inakanyaga, inaachia.

"Ananitaka mimi?"

"Muulize mwenyewe. Ila usikubali kitu ambacho hujakisikia vizuri."

Mshonaji akaichomoa mashine kwenye umeme kabisa, akakunja waya, akaushika mkononi, akasimama mlangoni. Breki akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Alikuwa hajakaa upande huo, na mwalimu pembeni yake, tangu ujana wake.

Skrini ikawaka.

Haikuwa uwanja wa mashindano. Ilikuwa barabara ya maghala, asubuhi, na gari lilikuwa linakwenda tayari. Harufu ya mpira ikajaa mpaka machozi yakamtoka, na pembeni yake kiti kikalia kama kinavyolia mtu mzito akijiweka vizuri, na sauti, karibu kabisa na sikio, sauti ya mtu mvumilivu asiye na haraka na chochote, ikamwambia, "Mikono yote miwili, mwanafunzi," na akaiweka, na hapo kwa mara ya kwanza mashine ile ikamwambia kitu kupitia kwenye kiti, akasikia kwa makalio yake mwenyewe mchanga wa ukingo wa barabara, akasikia mahali palipolowa, akasikia tairi ya nyuma iliyochoka, uzito wote wa gari la kweli lenye mtu wa kweli ndani, na akaelewa kwamba akigonga humu leo hakuna wa kumwambia jaribu tena, na ukuta ulikuwa unakuja.

Mguu wake ukatafuta breki. Haikuwepo. Breki ilikuwa upande wa pili.

"Muache mwanangu," akasema.

"Ni mwanafunzi mzuri yule." Sauti ilikuwa inampima. "Haogopi."

"Mimi naogopa. Mwoga ndiye mwenye cha kufundishwa. Nichukue mimi."

Matofali yakaanza kuonekana.

"Utanipa nini?"

"Sema unachotaka."

"Mguu," sauti ikasema.

Mshonaji akapiga kelele kutoka mlangoni, "Usijibu hilo," lakini ukuta ulishajaa kwenye skrini, na nje binti alikuwa amesimama ghafla kwenye benchi, mgongo umenyooka, mama yake anamvuta bila kumuweza, na Breki akasema, "Chukua."

Juu ya mguu wake wa kulia ukajilaza mguu mwingine, wa baridi, mzito, kama mwalimu anavyomwekea mwanafunzi mgumu kuelewa. Breki ya upande wa pili ikashuka. Gari likasimama. Skrini ikazimika, na bonde la kwenye kile kiti likajaa polepole, pwaa, kama mtu ameinuka.

Nje, binti akaanza kulia, akalia mpaka mama yake akacheka kwa raha ya kumsikia.

Mtihani alifaulu. Magoti yalimgongana njia nzima, mkaguzi akamwambia ni mwoga kidogo, na Breki akasema hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kuzisikia. Hospitali wakampa gari la wagonjwa. Kiti kilikatwakatwa na fundi, mashine ikauzwa mbali. Na Breki, mnamjua tena, akawahadithia watu jinsi alivyomtoa jini mwenye ukubwa wa lori kwa makofi mawili. Ila hakufundisha tena. Alisema uzee, akaanza kwenda kwa miguu kila mahali, na gari la chuo ambalo mwenye chuo alimzawadia likakaa uani, limefunikwa turubai.

Mwezi uliofuata, binti alikuja kula nyumbani siku ya mapumziko, sare yake ya kazi imenyooka. Walikuwa watatu mezani, yeye na baba na mama. Walikuwa wanacheka habari ya mgonjwa aliyemwambia binti ashushe dirisha ili yeye mgonjwa apige kelele njiani, eti king'ora hakitoshi. Katikati ya kicheko, uani kukasikika injini inawaka.

Mama akaangalia ukutani. Funguo ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake.

Injini ikanguruma, ikashuka, ikanguruma zaidi. Binti, ambaye sasa alikuwa anajua magari, akasikiliza kidogo, halafu akainama polepole akachungulia chini ya meza. Mguu wa kulia wa baba yake ulikuwa umevuliwa kiatu, umekanyaga sakafu, na kila kidole kilipokandamiza, gari la nje lilipanda sauti, kilipolegea, lilishuka. Baba mwenyewe alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, macho kwenye sahani.

"Baba," binti akasema taratibu, akaweka kijiko chini, "achia mafuta."

"Namwambia hivyo hivyo tangu asubuhi, mwanangu," Breki akanong'ona. "Anasema leo tunaingiza gia."