Meno ya Laurensia

Kipimo cha mdomo kilichofika kwenye karakana ya Songambele asubuhi ile kilikuwa na joto. Plasta yenye alama za ufizi wa mgonjwa ilikuwa imekauka kabisa, lakini Gosbert, fundi wa meno bandia, alipoishika aliiachia mezani upesi. Karatasi iliyofungwa nayo ilikuwa na mwandiko wa Daktari Felicitas: “Laurensia wa Rugera. Meno thelathini na sita.”

Hata mtu mwenye meno yake yote hafiki hapo. Mwaka huo, 1986, hawakuwa na simu; daktari na fundi walielewana kwa karatasi tu, zilizobebwa na gari la hospitali. Gosbert akapanda gari hilo akamwulize mwenyewe.

“Daktari, shikamoo. Hii hesabu ni yako?”

Felicitas alisoma, akakaa chini. “Mwandiko ni wangu, Fundi, lakini mimi niliandika ishirini na manane. Tena kipimo hiki nilikutumia wiki tatu zilizopita, na Jumatatu ukaniletea meno.” Akatoa karatasi nyingine kwenye droo.

Mwandiko ulikuwa wa Gosbert: “Yakishaingia, yasitolewe.”

“Sijakuletea meno yoyote,” alinong’ona. “Umeyapeleka wapi?”

“Nimemvisha.”

Walifika Rugera saa sita mchana. Laurensia alikuwa ameketi migombani nyuma ya nyumba, macho ameyafumba, na kabla hawajamwona walisikia meno yakigongana, tak, tak, tak, na harufu ya damu na udongo uliochimbuliwa ikawajia, ikazidi kila walipopiga hatua, mpaka Felicitas akaziba pua kwa leso huku akimwita mama huyo kwa jina, akajibiwa na sauti nzito ya kiume iliyotoka bila midomo kufunguka: “Fundi amesema yasitolewe.”

“Mimi ndiye fundi!” Gosbert alipiga kelele. “Sikusema! Daktari, nakwambia kwa mdomo wangu, yatoe!”

Felicitas akaingiza vidole. Meno yakamng’ata, hakuachia, akavuta. Yalipoanguka kwenye majani makavu, Laurensia alilia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji. Meno wakayachoma kwa kuni za mibuni mpaka yakawa majivu.

Njia nzima ya kurudi Felicitas alisali kimyakimya. Gosbert alikuwa na jambo la kumwambia, ila aliogopa kufumbua mdomo. Ulimi wake ulikuwa umegusa, nyuma ya gego la mwisho, jino ambalo asubuhi halikuwepo, nalo lilikuwa likisogea.