Masale ya Mpakani

Mambo haya yalimpata Mbaruku, rafiki wa babu yangu, miaka ya Mjerumani, na mwenyewe hakupenda kuyasimulia.

Siku hiyo alikwenda shambani kwake Ngombezi kuchimba mihogo tu. Akakuta pamefyekwa, vibarua wanapanda mkonge. Mimea ya masale iliyoonyesha mpaka haikuwepo.

"Mzee, Jumbe Semboja ameliuza shamba kwa Mzungu," mnyapara akamwambia. "Amesema ni lake."

Semboja alikuwa na ardhi kuliko wote Korogwe, tena mshauri wa boma. Lakini kwa Mbaruku alikuwa ndugu wa kuchanjiana damu. Masale yale waliyapanda wawili, wakala kiapo kwamba hakuna atakayeyagusa.

Alimkuta nyumbani kwake Manundu, amekaa barazani peke yake, wingu la mvua limetanda.

"Umeyang'oa, ndugu yangu?"

"Nimeyang'oa na kuyachoma moto," Semboja akajibu bila kumtazama. "Dunia imebadilika, Mbaruku."

Hapo wakasikia jembe. Lilikuwa likichimba ndani, chumbani kwa Semboja, taratibu, kama la mtu asiye na haraka. Nyumba haikuwa na mtu. Kisha likanyamaza.

Walisukuma mlango, ndani giza tupu na harufu ya udongo mbichi. Semboja akawasha kibatari.

Masale manne yalikuwa yamepandwa sakafuni, mawili huku na mawili kule, majani yameungua. Semboja alikuwa mrefu kuliko watu wote wa Manundu. Mbaruku akamtazama kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akaitazama nafasi iliyoachwa katikati.

Ilimtosha.