Sisimizi Hawakumngoja Mtu

Kila asubuhi Nereida aliamka, akawasha moto, akamsaidia bibi yake kuchoma tortila, mikate myembamba ya mahindi, kisha akabeba ndoo mbili za maji ya kisima kumwagilia maharage. Alifanya yote hayo bila kuhisi chochote. Tangu baba yake afariki, wiki sita zilizopita, hata pilipili haikumwasha tena.

Baba yake, Fidencio, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji pale kijijini, katika milima ya Oaxaca. Mfereji ulipoziba, yeye ndiye aliyepiga kengele ya tekio, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na kila nyumba ikatoa mtu. Sasa udongo ulikuwa umeporomoka na kuziba mfereji kwa siku kumi na mbili, na kengele ilikuwa kimya. Maharage ya bibi yalikuwa yakinyauka, nayo ndiyo chakula chao cha mwaka mzima.

"Wamemsahau baba," Nereida alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

"Kula kwanza," bibi akamjibu.

Mchana huo tawi lilivunjika, likaangukia njia ya sisimizi wakata majani uani. Majani waliyobeba yakaanza kurundikana. Nereida akachuchumaa kuwatazama, kwa kuwa hakuwa na hamu ya jambo lingine.

"Bibi, mkubwa wao yuko wapi? Mbona haji kuwaamuru?"

"Mkubwa gani? Malkia yuko chini huko anataga mayai tu. Hata habari za tawi hana!"

Kweli, hakuna aliyekuja kuamuru. Sisimizi mmoja alichimba mchanga chini ya tawi, mwingine akatafuna gome, mwingine akazunguka na wenzake wakamfuata. Kabla chungu cha bibi hakijachemka, msafara ulikuwa unapita tena.

Nereida akachukua jembe la baba, akapanda hadi kwenye mfereji. Jirani yao, Don Abundio, alikuwa amekaa pale akitazama mahindi yake yaliyokauka.

"We binti, nani kakutuma? Au umerithi kiti cha baba'ko?"

"Hakuna aliyenituma, mzee. Nimeona tope."

"Na hiyo mikono kama vijiti? Utamaliza Krismasi!"

"Basi nitamaliza Krismasi."

Akaendelea kuchimba. Don Abundio alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaenda nyumbani, akarudi na sepetu. Mkewe akafuata na ndoo, majirani wakamwona, nao wakaja. Jua lilipoanza kushuka, watu ishirini walikuwa matopeni, na maji yakapenya.

"Usidhani tulimsahau baba yako," Don Abundio alimwambia, akijifuta jasho. "Tuliona aibu kugusa kengele yake. Kila mtu akawa anamwangalia mwenzake."

Bibi, aliyewaletea watu chakula, akaweka kapu chini.

"Sisimizi hawana mwenyekiti, lakini kila mmoja hushika kazi iliyo mbele yake," alisema. "Sisi watu tunahitaji mtu wa kutupangia. Ila tukimwachia yeye kila kitu, siku akiondoka tunabaki tumekaa. Mnataka kumheshimu Fidencio? Hakikisheni maji yanafika mashambani."

Nereida alikuwa bado amesimama ndani ya mfereji. Maji yakampiga miguuni, ya baridi kweli kweli, akashtuka. Ndipo akalia kwa sauti mbele ya watu wote, na bibi akamwacha alie.