Homa ya Mjomba Shamsudin

Kila asubuhi, Khamisa akiwa bado anatafuta soksi zake, sauti ya Mama Wainaina ilipanda ngazi kabla ya mwenyewe kufika.

"Mboga! Mama Khamisa, mboga imekuja!"

Mama Wainaina, ambaye jina lake hasa lilikuwa Hannah, alitoka Waithaka alfajiri akiwa na kiondo kizito mgongoni, kamba yake imekaza kwenye paji la uso. Sukuma wiki zake zilifika River Road, Nairobi, zingali na umande. Akina Khamisa waliishi orofani, juu ya duka ambamo baba yake, Mzee Mbarak, aliuza kanga na vikoi. Mama yake, Bi Zainab, alifungua mlango na utani ukaanza.

"Za leo hizi, au umeniletea za jana?"

"Za jana nimekula mwenyewe. Wewe tia nazi tu. Nyinyi watu ya Mombasa, hata chai mnatia nazi!"

"Sisi si wa Mombasa, ni wa Malindi."

"Ni kulekule kwa nazi."

Khamisa alipenda kuwasikiliza. Yeye alizaliwa Malindi lakini alikulia Nairobi, kwa hiyo nyumbani alisema Kiswahili cha mama yake na barabarani akasema cha wenzake. Mara nyingine ilimbidi kuwa mkalimani kati ya watu wawili ambao wote walikuwa wakisema Kiswahili. Siku moja Mama Wainaina alisema, "Leo niko na homa," na Bi Zainab akashtuka, akataka kumtandikia kitanda. Khamisa alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama, huku homa ni mafua! Ni pua tu inamtiririka." Bi Zainab akatikisa kichwa. Kwao Pwani, homa ni ile ya kukulaza kitandani ukitetemeka, meno yakigongana.

Mwaka huo, 1972, Bi Zainab alikuwa mjamzito. Julai ilipoingia na manyunyu yake na baridi ya kuuma masikio, Khamisa alikuwa akimfumia mtoto kofia ya sufu ya manjano. Mwalimu wa kazi za mikono alimfundisha. Mishono mingine ilikuwa imelegea, lakini mama yake aliisifu kama imetoka dukani.

Mjomba Shamsudin, kaka yake Bi Zainab, alipanda gari la moshi kutoka Pwani ili awe karibu dada yake akijifungua. Alifika akiwa hoi. Alijifunika mablanketi yote ya nyumba, na bado kitanda kilitikisika.

"Homa imenishika tangu nikiwa Malindi," alimwambia Khamisa aliyemletea chai ya tangawizi. "Nimemeza klorokwini ya maleria. Itaondoka." Na kweli, baada ya siku chache aliamka, akaoga, akaanza kulalamikia chakula cha Nairobi.

Ndipo uchungu wa kuzaa ukamshika Bi Zainab, akapelekwa hospitalini.

Mtoto alizaliwa asubuhi. Alikuwa msichana. Alilia kidogo, kwa sauti nyembamba, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki. Baba alitoka wodini akiwa amemkumbatia ndani ya shuka nyeupe, na Khamisa aliyekuwa akingoja kwenye benchi na kofia yake ya sufu mfukoni alielewa bila kuambiwa.

Msiba ulikuwa haujaisha. Bi Zainab alikuwa akitokwa na damu nyingi. Daktari alisema damu ya aina yake imepungua hospitalini. Ile kidogo iliyokuwepo alikuwa ameshapewa, na sasa alihitaji nyingine upesi.

"Leteni watu wazima wenye afya," alisema.

Baba alikunja mkono wa kanzu papo hapo. Muuguzi wa chumba cha kutolea damu, Sista Mwendwa, alimwuliza magonjwa aliyowahi kuugua. Baba akasema kweli kwamba ujanani aliugua manjano, macho yakawa kama bizari.

"Basi pole, mzee. Mtu aliyeugua manjano hatuchukui damu yake. Ule ugonjwa unaweza kujificha ndani ya damu miaka na miaka."

"Chukua yangu," Khamisa alisema.

Sista alimtazama kwa huruma. "Una umri gani, mama? Kumi na mitatu? Ni mpaka mtu afike miaka kumi na minane, tena awe na uzito wa kutosha. Damu yako bado inakujenga wewe."

Baba hakuweza kukaa. Mtoto alipaswa kuoshwa, kuswaliwa na kuzikwa, na hapakuwa na mwingine wa kusimamia. Alimwachia Mjomba Shamsudin kazi ya damu, akaondoka na kile kifurushi cheupe.

Mjomba aliingia, na Khamisa akasimama mlangoni akimshikia koti. Mambo yalikwenda vizuri. Umri ulifaa na uzito ulifaa. Sista alimchoma kidole, akadondosha tone la damu kwenye kichupa cha maji ya buluu, na tone likazama moja kwa moja. "Damu yako ina nguvu," alisema. Ikapimwa aina, nayo ikawa aina ileile ya Bi Zainab. Mjomba akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Swali la mwisho," Sista alisema akifunga mpira mkononi mwake. "Umeugua maleria hivi karibuni?"

Mjomba alisita. "Homa tu. Homa kidogo."

"Ah, homa!" Sista alicheka, akajifuta pua kwa leso. "Na baridi hii ya Julai, nani hana homa? Hata mimi napiga chafya tangu juzi. Hiyo si kitu."

Mjomba alifungua mdomo, kisha akaufumba. Aliegemea kitanda na kutazama dari.

Khamisa alijua. Neno lilikuwa moja, lakini Sista alisikia pua na mjomba alisema mablanketi. Pia alijua, kwa jinsi mjomba alivyoyakwepa macho yake, kwamba mjomba naye ameelewa. Khamisa angenyamaza, mama angepata damu sasa hivi. Angesema, damu ile ingekataliwa, na hapakuwa na nyingine. Ni nani angemlaumu kwa kunyamaza? Hakuna aliyemwuliza yeye. Hakuna hata aliyesema uongo.

Sista aliinua sindano.

"Sista, si mafua!" Sauti ilimtoka Khamisa kabla hajaamua. "Ni homa ya Pwani. Alitetemeka mpaka kitanda kikatikisika. Amemeza klorokwini wiki hii hii."

Sista aliirudisha sindano kwenye sahani yake. "Ni kweli, mzee?"

"Nimepona!" Mjomba alijiinua. "Nimepona kabisa! Huyu mtoto hajui asemalo. Dada yangu anakufa pale, nanyi mnaulizana habari za homa!"

"Kupona kwako si kupona kwa damu yako. Kama vijidudu bado vimo, nitamtilia maleria mgonjwa ambaye hata maji ameshindwa kumeza. Siwezi."

Kwenye ukumbi, mjomba alimgeukia Khamisa. "Mama yako akifa, ujue ameuawa na ulimi wako."

Khamisa alilia kimyakimya, kwa kilio kile cha mtu asiyetarajia kubembelezwa, kwa sababu aliamini kila neno aliloambiwa. Muuguzi wa wodini alipomtuma nyumbani kuleta kanga safi, alikwenda akiwa haoni njia.

Kwenye ngazi za nyumbani alimkuta Mama Wainaina ameketi na kiondo chake, mboga zimeanza kunyauka.

"Nimeita, nimeita, hakuna mtu. Mama yako ako wapi? Na wewe nani amekupiga?"

Khamisa alimwangukia mapajani, akamweleza yote, ya mtoto, ya mama, ya mjomba na ya homa. Mama Wainaina alimpapasa mgongo. Yeye mwenyewe aliwahi kuzika mtoto.

"Hiyo damu," aliuliza hatimaye, "lazima itoke kwa jamaa?"

"Hapana. Wanataka mtu mzima mwenye afya. Halafu inapimwa kama itapatana na ya mama."

Mama Wainaina alikaza kitambaa chake cha kichwa na kukiacha kiondo pale pale ngazini. "Twende."

Mjomba alipowaona wakiingia alisema kwa uchovu, "Huyu si wa damu yetu."

"Tutapima tujue," Sista Mwendwa alimjibu, akamkalisha mgeni. "Sasa, mama, nikisema homa nataka zote. Ya pua na ya kutetemeka."

"Ya pua ilikuja mwezi uliopita, ikaisha. Ya kutetemeka sijaijua. Waithaka mbu wanakufa na baridi."

"Una mtoto anayenyonya? Una mimba?"

"Wainaina wangu ako darasa la tatu. Mimba hakuna."

"Umekula?"

"Githeri, sahani mzima." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Khamisa hakuwahi kuisikia kwake, Mama Wainaina aliuliza, "Na hii damu mnatoa, itarudi?"

"Itarudi. Kula vizuri, kunywa maji mengi, na leo usibebe kiondo."

Tone lake lilizama kwenye maji ya buluu. Damu ikapimwa, wakangoja, na jibu likaja kwamba inapatana. Mama Wainaina alilala akiangalia ukutani, Khamisa amemshika mkono ule mwingine, mpaka chupa ikajaa. Baba naye alirudi kutoka makaburi ya Kariokor, vumbi likiwa bado kwenye kanzu, akiwa na majirani wa dukani. Mmoja wao alifaa. Chupa ya pili ikapatikana.

Jua lilipokuwa likishuka, Mjomba Shamsudin alianza kutetemeka kwenye benchi. Walimpima, wakakuta vijidudu vya maleria. Sista alimletea dawa. Mjomba alimwita Khamisa, akamshika kichwa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nampa dada yangu uhai. Ningempa nini mimi?"

Siku iliyofuata Bi Zainab alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imerudiwa na rangi kidogo. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza lile swali ambalo wote walikuwa wakiliogopa.

"Mtoto yuko wapi?"

Baba aligeukia dirisha. Mjomba aliyekuwa amejifunika blanketi alisema haraka, "Amelala."

Bi Zainab aliwaangalia wanaume hao wawili kwa muda. "Amelala," alirudia. "Khamisa. Wewe niambie."

Khamisa alitamani sana neno hilo la mjomba litoshe, kwa sababu nalo lilikuwa na maana mbili, na mama angeweza kuchagua ile nyepesi. Lakini mama alikuwa amemwuliza yeye.

"Amefariki, mama. Jana, kabla ya adhuhuri. Baba amemzika Kariokor."

Bi Zainab hakupiga kelele. Machozi yalimtiririka pembeni mpaka masikioni, na hakuyafuta. "Mlimpa jina?"

"Mabruka," Baba alijibu, bado ameelekea dirishani.

"Mabruka," alisema mama. "Hata sikumwona macho."

Khamisa alitoa ile kofia ya manjano mfukoni kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Mama aliipokea, akapitisha vidole kwenye mishono iliyolegea. Baadaye, Sista alipokuja akamweleza habari zote za jana, mama alimvuta Khamisa karibu na mto.

"Sikiliza, mwanangu. Mjomba wako hakutamka uongo. Aliacha tu neno lieleweke vibaya, kwa kuwa lilimfaa. Huo nao ni uongo, na ungeniua. Anayetoa damu hutoa na ukweli wake wote, umri wake, maradhi yake, hata alichokula. Akificha kimoja, anampa mgonjwa sumu kwa mkono wa upendo. Wewe ulisema kweli ukijua inaweza kukugharimu mama. Na leo umenipa kweli ambayo sikutaka kuisikia. Inaumiza, lakini nitaweza kuilia. Ningefichwa, ningemlilia lini mwanangu?"

Sista Mwendwa aliitikia kwa kichwa. "Nami nimejifunza kuuliza mpaka mwisho," alisema.

Bi Zainab alirudi nyumbani akitembea polepole, mikono yake mitupu. Kofia ya manjano aliiweka sandukuni, chini ya kanga zake nzuri. Nyumba ilikuwa kimya, na Khamisa alivaa soksi bila kuzitafuta.

Ndipo sauti ikapanda ngazi. "Mboga! Mama Khamisa, mboga imekuja!"

Bi Zainab alijishika ukutani mpaka akafika mlangoni. Wanawake hao wawili walitazamana. Alijaribu kuuliza lile swali lake la kila siku, la mboga za leo au za jana, lakini sauti ilimkatikia njiani. Mama Wainaina alitua kiondo, akamshika mabega, na wakalia pamoja pale mlangoni.

"Za leo," Mama Wainaina alisema alipoweza kusema. "Kwako naleta za leo tu."