Azimio Si Sheria

Nazario wa Makebuko aliikata na kuing'oa kahawa yake yote shambani kwa siku mbili, kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemwamuru.

Habari ilitoka Muyinga. Shemeji yake, Simoni, alimpigia simu asubuhi, Nazario akiwa anapalilia maharage.

"Shemeji, umesikia redio? Kundi la katikati la Bunge la Ulaya limepitisha azimio. Kahawa iliyopandwa palipofyekwa msitu hawaitaki."

Nazario alishtuka. Shamba lake babu yake alilifyeka msituni.

Yeye alikulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania. Huko wazee walisimulia kwamba azimio likitoka, vijiji vizima vinahama. Nani abishane na azimio? Tena la kundi la katikati! Akilini aliwaona wakubwa wenyewe, wamekaa katikati ya ukumbi, wengine wamewazunguka.

"Baba Christina, ngoja kwanza," alisema mkewe, Efrazia. "Tuulize mtu."

"Tumuulize nani? Mnunuzi akiikataa kahawa, utaipika mboga? Afadhali nipande mahindi."

Akaingia shambani na panga na jembe.

Siku ya tatu alifika Raissa, karani wa ushirika wa kahawa, kwa pikipiki kutoka Gitega mjini. Aliliona shamba, akakaa chini kwenye udongo.

"Papa Christina, nani alikufanyia hii?"

"Mimi mwenyewe."

"We? Ulikuwa umekunywa?"

"Sijaonja hata tone. Azimio limepita."

Raissa alishika kichwa. Kisha akaanza kueleza taratibu.

"Sikiliza, papa. Ile bunge iko na wajumbe wa nchi nyingi. Hawakai kwa nchi, wanakaa kwa mawazo. Wa kushoto huku, wa kulia kule. Hawa wa katikati wanaitwa waliberali. Wanataka biashara iwe huru, na haki za kila mtu zilindwe. Katikati si ukubwa, papa. Peke yao hawatoshi kupitisha kitu."

"Na azimio?"

"Walikubaliana wao kwa wao watetee nini. Bado bunge yote ipige kura. Bado serikali za nchi zao zikubali. Na walisema misitu inayokatwa siku hizi, si mashamba ya zamani. Mi nilikuja kupima shamba yako, tuonyeshe umri wake. Hii kahawa ilipandwa lini?"

"Babu aliipanda kabla ya kukimbilia Tanzania. Kabla ya mwaka sabini na mbili."

"Basi yako ilikuwa salama kuliko zote."

Nazario aligeuka, akavitazama visiki vyake.

Jirani yao Thomas alikuwa amesimama mpakani na panga lililonolewa. "Mimi nilikuwa naanza leo," alisema, jasho likimtoka.

"Basi nenda nalo ukakatie mbuzi majani!" Efrazia alimfokea.

Raissa alikagua visiki kimoja kimoja. Miti iliyokatwa juu ya ardhi ingechipua, alisema. Kila kisiki kiachiwe machipukizi matatu yenye nguvu, kiwekewe samadi. Iliyong'olewa na mizizi, basi tena.

Nazario alifanya hivyo. Shamba la Thomas lilipimwa, na msimu ule kahawa yake ilinunuliwa yote. Sasa habari ya redio ikifika kilimani, watu huuliza: Nani kasema? Bunge lote limepiga kura? Inaanza lini? Nazario ndiye anayeuliza kwa sauti kubwa, na hakuna anayemcheka.

Lakini hasara ni hasara. Miti thelathini na minne ya babu ilikufa. Mia moja na themanini haikuzaa misimu miwili. Binti yao Christina, aliyekuwa anasoma shuleni Mushasha, alikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo.